Baritoni, usiziache nyimbo za piano

Vijana wa baritoni, yaani sauti ya kiume ya kati, wanaoniomba ushauri karibu wote huuliza jambo moja: lini nitakuwa tayari kwa opera ya Rigoletto? Jibu langu huwaudhi. Nawauliza wana nyimbo ngapi wanazoweza kuimba leo jioni, wao na mpiga piano tu, bila mavazi wala mandhari ya jukwaani.

Sauti hii huchelewa kukomaa. Rigoletto, opera ya Verdi ya mwaka 1851, humweka baritoni kwenye noti za juu kwa muda mrefu huku okestra ikivuma mbele yake, na kipaza sauti hakuna. Ukiikimbilia ungali kijana utaimaliza, sikatai, lakini kwa kusukuma. Sauti ikishazoea kusukumwa, kuituliza ni kazi ya miaka. Mozart ana huruma zaidi: Luigi Bassi, aliyekuwa wa kwanza kuimba Don Giovanni, mhusika mkuu wa opera yake ya jina hilo, huko Prague mwaka 1787, alikuwa na miaka 21.

Mimi nyimbo za piano ndizo zilizonifundisha kuimba taratibu na bado nikasikika. Chukua Winterreise, mfululizo wa nyimbo wa mtunzi Schubert: nyimbo 24, zaidi ya saa nzima, na hakuna pa kujificha. Schubert aliiandika mwaka 1827 kwa sauti ya juu, kwa hiyo sisi hushusha kii, yaani wimbo mzima tunauhamishia noti za chini zaidi. Wengi hushusha mpaka koo listarehe, mpiga piano hawamuulizi. Sasa sikiliza wimbo wa mwisho. Mkono wa kushoto wa piano unarudia noti mbili zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, ndiyo ile ala ya mzee anayepiga barabarani na sahani yake haina kitu. Ukishusha mno, zile noti zinageuka ngurumo, na mzee hasikiki tena. Jaribuni kii mbili tatu ukumbini, mtu mwenye masikio akae viti vya nyuma, kisha muamue.

Pesa? Opera kwa kawaida hulipa kwa onyesho, na ukiugua mara nyingi hulipwi. Tamasha la piano hulipa kidogo kuliko opera, na maneno ya kukariri ni mengi mno. Wakala atakwambia uziache nyimbo hizi, naye kwa hesabu zake yuko sahihi. Mimi simsikilizi. Baritoni Mjerumani Dietrich Fischer-Dieskau alishika yote mawili, opera na nyimbo za piano, miaka mingi, na alipoaga jukwaa mwishoni mwa 1992 alikuwa na miaka 67.

Ila panga kalenda kwa akili. Usiimbe Schubert kesho yake baada ya Verdi. Koo linakuwa bado linataka kupiga kelele. Shairi lisome kwa sauti mpaka ulielewe neno kwa neno ndipo ufungue noti. Na mpiga piano mlipe vizuri, jina lake likae kwenye tangazo kwa herufi za ukubwa uleule wa zako.