Anavaa au amevaa?

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma Kichina darasa la jioni. Kwenye jaribio tulipewa picha ya mzee mwenye kofia, nikaandika "Tā zài dài màozi". Mwalimu akanikata na kuandika juu yake "dàizhe". Si tulifundishwa kwamba zài ndiyo "-na-" yetu? Halafu hii xiàqu naijua kuwa ni kushuka. Imekuwaje kitabuni iwe kuendelea?
Mwanafunzi wa jioni, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu hakukuonea. Ulichoandika ni kwamba mzee anavaa kofia, yaani mikono iko juu, kofia ndiyo inaingia kichwani. Kumbe mwenzio alishaivaa zamani, katulia nayo.

Zài ni lile lile la "wǒ zài jiā", niko nyumbani. "Wǒ zài chīfàn" ni kama vijana wa mjini wanavyosema "niko nakula". Sasa fikiri kwa Kiswahili: ukimkuta mtu kitini, husemi anakaa, unasema amekaa. Amesimama, amevaa, ameshika. Hali inayoendelea sisi tunaipa "-me-", Wachina wanaipa zhe (着): zuòzhe, zhànzhe, chuānzhe (kwa nguo; kwa kofia ndiyo dàizhe yako), názhe. Kinachowapoteza ni vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, maana huko aliyekaa na anayekula wote hupewa umbo moja.

Mimi somo hili nililipata kwenye mvua. Miaka hiyo nawakalimania wafanyabiashara wa Kariakoo kule Guangzhou, nikampigia mwenye stoo. Akajibu, "Mén kāizhe ne," akakata simu. Nikaelewa kwamba mlango unafunguliwa. Nikasimama nje na mteja wangu, tumejifunika katoni, tunasubiri mtu aje na funguo. Dakika ishirini! Kijana mmoja akapita katikati yetu, akausukuma kwa goti, akaingia. Ulikuwa wazi muda wote. Mteja alinitazama, hakusema kitu.

Zhe hiyo hiyo hufanya na kazi ya "-ki-" yetu: "tā xiàozhe shuō", alisema akicheka. Ila chunga herufi yake, ina zaidi ya sauti moja. 睡着 ukiisoma shuìzhe, mtu amelala. Ukiisoma shuìzháo, usingizi umemchukua.

Xiàqu sasa. Ni kushuka kweli, lakini kwa Mchina muda nao huteremka: mwezi ujao ni "xià ge yuè", mwezi wa chini, na uliopita ni "shàng ge yuè", wa juu. Kwa hiyo kitendo kilichokwishaanza kikiteremka na muda, kinaendelea. Mtu akikatiza hadithi pale patamu, mwambie "Shuō xiàqu!", endelea kusema. Hata hali huchukua xiàqu: "shòu xiàqu", kuzidi kukonda. Kosa la wanafunzi wangu wengi ni kubandika kitu nyuma yake, "xué xiàqu Zhōngwén", wakitaka kusema kuendelea kujifunza Kichina. Haiendi. Kitangulize: "Zhōngwén wǒ yào xué xiàqu." Ukiona taabu, tumia jìxù, nayo ni kuendelea, "jìxù xué Zhōngwén", ambayo haina masharti hayo.

Na ile "ne" ya mwenye stoo usiihangaikie sana. Ni kama "mbona" yetu, ile isiyouliza: mbona mlango uko wazi!