Spika zinavuma hata muziki haujaanza: majibu ya maswali yenu

Nikiunganisha kompyuta mpakato na amplifaya, spika zinavuma mfululizo. Nikichomoa chaja ya kompyuta, kimya. Chaja imeharibika?

Huenda ni nzima kabisa, kwa hiyo usikimbilie kununua nyingine. Kitendo chako cha kuchomoa ukasikiliza ni kipimo kizuri kuliko kifaa chochote ambacho ningekushauri ununue.

Kama chaja yako ina pini tatu, kompyuta imefungwa kwenye waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita ethi. Amplifaya yenye pini tatu nayo imefungwa huko huko. Ukiziunganisha kwa waya wa sauti, zinakutana mara ya pili kupitia wavu wa nje wa waya huo. Hapo umefunga duara zima bila kujua: kitanzi cha ethi. Kati ya soketi moja na nyingine kukiwa na tofauti ya milivolti chache tu, mkondo unazunguka humo, na amplifaya inaukuza pamoja na muziki. Umeme wa nyumbani ni wa hezi 50 au 60 kutegemea nchi, ndiyo maana mvumo huo ni mzito kama wa nyuki ndani ya mzinga.

Anza kwa kuchomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja, ili kitanzi kiwe kifupi. Mara nyingi hilo tu linatosha. Lisipotosha, tafuta transfoma ya kutenganisha sauti. Ni kisanduku kidogo kinachokaa katikati ya waya wa sauti, na ndani yake mna koili mbili, yaani nyaya zilizozungushwa, zisizogusana: muziki unavuka kwa usumaku, mkondo wa ethi unakosa njia. Kama vifaa vyako vina tundu la waya wa mwanga, ule unaopitisha sauti kwa mwanga badala ya umeme, tumia huo. Mwanga haubebi umeme, basi kitanzi hakipo.

Rafiki yangu alikata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya na mvumo ukaisha. Nami nifanye hivyo?

Hapana, nakusihi. Na umwambie rafiki yako abadilishe plagi leo, asingoje kesho. Siku waya wa moto, ule unaoleta umeme, utakapochomoka ndani ukagusa kasha la chuma, ethi ndiyo inayoupa mkondo njia ya kupita hadi fyuzi ikatike. Bila ethi, kasha linabaki na umeme wote wa ukutani, likimngoja wa kwanza kuligusa. Na kwa kuwa wavu wa waya wa sauti umeshikana na kasha, hatari inahamia hata kwenye vifaa vingine. Mvumo kuisha kumethibitisha jambo moja tu: tatizo ni kitanzi. Kikate upande wa waya wa sauti, si upande wa umeme.

Kila friji inapowaka au kuzima, spika zinapiga "tak!"

Hiyo ni cheche kwenye swichi ya friji. Koili za mota hazipendi kukatiwa mkondo ghafla, hivyo volti zinaruka juu kwa kitambo kidogo sana na kusambaa kwenye nyaya za nyumba, nyingine hata hewani. Hamishia amplifaya kwenye soketi ya laini nyingine ya umeme, kisha fikiria ekstensheni yenye kichujio halisi, yaani kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme) na koili. Soma maelezo yake kabla ya kulipa: nyingi zimeandikwa tu kwamba zinazuia umeme kupanda, na hizo huamka volti zikipita kiwango kikubwa. "Tak" yako zinaiacha ipite.

Waya wa umeme wa bei mbaya unasaidia?

Weka hela yako. Umeme husafishwa ndani ya amplifaya yenyewe, na transfoma, daiodi (vijenzi vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita kubwa. Chomoa nyaya zote za sauti, acha spika peke yake. Ikiwa bado inavuma, tena kwa hezi 100 au 120, yaani mara mbili ya umeme wa ukutani, kapasita hizo huenda zimechoka. Mpelekee fundi, usifungue mwenyewe, maana zinaweza kukaa na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa.

Mashine yangu ya santuri inavuma, lakini redio kwenye amplifaya hiyo hiyo iko safi.

Swali hili nalipenda, maana limenisumbua mwenyewe. Sindano ya kawaida hutoa kama milivolti 5, wakati mashine ya CD hutoa karibu volti 2. Amplifaya inalazimika kukuza sauti ya sindano mara mia kadhaa zaidi, na kila uchafu ulioingia njiani unakuzwa nao.

Angalia kwanza kile kiwaya chembamba chenye ncha ya uma kinachotoka nyuma ya mashine. Kifungwe barabara kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya. Changu kilikuwa kimekazwa juu ya kutu. Nilipoisugua, nusu ya mvumo iliondoka. Nusu nyingine ilitoka kwenye transfoma ya amplifaya, iliyokuwa chini ya mashine kabisa. Basi pandisha sauti kiasi bila kuweka santuri, mwambie mtu aisogeze mashine polepole, kushoto, kulia, hata kuigeuza kidogo, nawe ukisikiliza. Utasikia mvumo ukipungua na kurudi. Palipo na utulivu kuliko kwingine, hapo ndipo pa kuiweka.