Upanga sio "nyekundu" jamani

Msomaji mmoja anatunga hadithi ndefu ya fantasia, ndugu wawili mahasimu wanagombea kiti cha enzi na kila mmoja anavuta nguvu zake kwenye rangi yake. Anauliza aandike "uchawi wa nyekundu" au "uchawi mwekundu", na kama "kaka mdogo" ni sawa. Ametuma na kipande cha pambano: "Kaka akachomoa upanga nyekundu, kaka mdogo akajifunika joho nyeusi, farasi nyeupe akakimbia."

La kaka nalimaliza haraka. Kaka ni yule mkubwa, anayemfuata ni mdogo wake, basi. "Kaka mdogo" tumeibeba kutoka Kiingereza na haituongezei chochote, maana ukisema tu "mdogo wake" ushaonyesha nani alitangulia kuzaliwa, na kwenye ugomvi wa kiti cha enzi hilo ndo jambo lenyewe.

Sasa huo upanga nyekundu. Hapa siwezi kunyamaza kwa sababu naukuta kila mahali, shati nyeupe, kitabu nyeusi, macho nyekundu, yaani watu wameshika hizi nyekundu, nyeusi na nyeupe kama ndo majina ya rangi zenyewe. Najua zinatoka wapi. Tangu utotoni tunafundishwa rangi nyekundu, rangi nyeusi, rangi nyeupe, na neno rangi (asili yake Kiajemi) liko ngeli ya I-ZI kwa hiyo hiyo ny- ni haki yake kabisa. Halafu mtu anaing'oa pale kwenye rangi anaenda kuibandika kwenye kila kitu duniani! Mzizi ni -ekundu, -eusi, -eupe, na nomino ndo inaamua mbele kunakaa nini. Joho jeusi, majoho meusi. Kioo chekundu, vioo vyekundu. Mwale mweupe, miale myeupe. Farasi ni mnyama, ana uhai, kwa hiyo ni mweupe, hata kama neno lenyewe halina m- yoyote mbele.

Na huyu mwandishi kachagua neno baya kuliko yote la kukosea, upanga. Upanga mmoja ni mwekundu, panga nyingi ndo nyekundu. Sasa ukiniandikia "akachomoa upanga nyekundu" nasimama hapo hapo nahesabu, nomino inasema mmoja, rangi inasema nyingi, ni ipi? Kwenye hadithi nyingine ningekisia tu nikaendelea, lakini hii ni hadithi ya uchawi, upanga mmoja kugeuka panga kumi hewani ni jambo linalowezekana kabisa, na mimi msomaji sijui nishike nomino au hicho kiambishi kidogo ambacho mwandishi amekikosea.

Tena yeye ndo angefaidika kuliko waandishi wote. Dunia yake imejaa vitu vya rangi, na Kiswahili kinamruhusu aiache nomino kabisa pambano likiwa moto: "Jekundu likapasuka, mweusi akarudi nyuma, vyeusi vikamfuata." Kama tulishaonyeshwa jiwe, yule mdogo mtu na vivuli vyake, hakuna atakayeuliza kipi ni kipi, na sentensi inakimbia kama pambano lenyewe. Weka ny- yako hapo uone, "nyekundu likapasuka, nyeusi akarudi nyuma", kitenzi kinasema LI, rangi inasema I, sentensi inagombana yenyewe kuliko hao ndugu.

Mtu akinisimamisha njiani akasema "gari nyeusi" namwacha, nishachoka kukimbizana na maongezi, gari tunaliona wote wawili. Ila hadithi ya maandishi msomaji anaona kile tu ulichomwandikia.

Turudi kwenye swali. Rangi ikiwa ni kitu chenyewe, nguvu inayochotwa, Kiswahili kina jina tayari: wekundu, weusi, weupe, kama tunavyosema wekundu wa damu. Kwa hiyo nguvu za wekundu, mchawi wa weusi. "Uchawi wa nyekundu" hapana, nyekundu gani? "Uchawi mwekundu" ni Kiswahili safi lakini ni habari nyingine, huo ni uchawi ambao wenyewe una rangi nyekundu, kama vile "mchawi mwekundu" ni mchawi ambaye yeye mwenyewe ni mwekundu, na anaweza akawa hana nguvu yoyote ya wekundu.

Rangi zenye viambishi vyake ni hizo tatu tu. Buluu, samawati, kijani, manjano, zambarau hazibadiliki, kinachobadilika ni kile kihusishi: joho la samawati, kioo cha kijani, upanga wa buluu, miale ya manjano. Na tafadhali asije akaunda "ukijani" ili ufanane na wekundu, aandike nguvu za kijani, inaeleweka na haiumizi sikio.