Waliotuletea dini nao waliletewa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata juzi, nikaona si swali la kujibiwa kwa mistari miwili ya simu. Unasema Mjerumani mmoja mnayesoma naye hapo Paderborn, alipojua wewe ni Mkatoliki kutoka Songea, alikuuliza mnawezaje kuishika dini mliyoletewa na wakoloni. Ukakosa la kumjibu. Kisha ukanigeuzia mimi: "Baba, na wao je? Wao nani aliwaletea, na waliipokea kwa hiari yao?"

Kijana huyo amechagua mji mbaya wa kuulizia swali hilo. Mwaka 777 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki (kabila la Kijerumani lililotawala Galia, yaani Ufaransa ya leo, na nchi za jirani), aliitisha baraza lake hapo hapo Paderborn, katikati ya nchi ya Wasaksoni aliokuwa akiwapiga vita, na Wasaksoni wakabatizwa makundi kwa makundi. Kama mwenzako ni mwenyeji wa sehemu hizo, basi huenda wahenga wake walikuwa kwenye foleni.

Lakini nirudi nyuma kidogo, maana Wafranki wenyewe hawakubatizwa kwa upanga. Mamlaka ya Roma yalipoanguka magharibi, nchi ziligawanywa na wafalme wa makabila ya Kijerumani. Wengi wao walikwisha kuwa Wakristo, ila wa madhehebu ya Ario, waliofundisha kwamba Mwana hayuko sawa na Baba. Wafranki walikuwa bado wanaabudu miungu yao. Clovis alirithi utawala mwaka 481 akiwa kijana mdogo, akamwoa Clotilde, binti wa ukoo wa kifalme wa Waburgundi, ambaye alikuwa Mkatoliki na hakuwa mtu wa kukata tamaa. Mtoto wao wa kwanza alibatizwa, akafa. Clovis akamlaumu mkewe na Mungu wake. Wa pili akabatizwa naye, akaugua, ila huyu akapona. Baadaye mfalme akazidiwa vitani na Waalemani, kabila jingine la Kijerumani, akaapa kwamba Mungu wa Clotilde akimpa ushindi atabatizwa. Akashinda, na askofu Remigius akambatiza huko Reims. Askofu Gregori wa Tours, aliyeandika habari hizo miongo mingi baadaye, anasema askari zaidi ya 3,000 walibatizwa pamoja naye. Mwaka wenyewe wataalamu wanabishania, kati ya 496 na 508.

Sasa hao 3,000 waliamini nini siku ile? Nilikuwa nikiwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tano, na kila mwaka darasa liligawanyika. Mimi naona walimfuata bwana wao, kama walivyomfuata vitani. Naye bwana wao alijua kupiga hesabu: raia wa Galia walikuwa Wakatoliki, na miji ilikuwa mikononi mwa maaskofu. Alipowapiga Wavisigothi mwaka 507 huko Vouillé, maaskofu hao hawakuwa na sababu ya kumlilia mfalme Mwario. Sisemi uchungu wake wa mtoto ulikuwa wa uongo. Moyo wa mtu hubeba vyote kwa pamoja.

Miaka 200 iliyofuata naipita haraka, imejaa ndugu wanaouana. Ukoo wa Clovis ulidhoofika, madaraka yakahamia kwa wasimamizi wa ikulu, ukoo wa Charles Martel, yule aliyewazuia Waarabu na Waberberi karibu na Poitiers mwaka 732. Mwanawe Pippin alimwondoa mfalme wa mwisho mwaka 751 baada ya kupata kibali cha Papa Zakaria, na mwaka 754 Papa Stefano II akasafiri mwenyewe hadi nchi ya Wafranki akampaka mafuta. Papa alihitaji jeshi la kumkinga dhidi ya Walombardi wa Italia, Pippin alihitaji baraka za kuhalalisha kiti alichokitwaa. Hapo ndipo upanga na msalaba vilipofungwa kamba moja.

Katikati ya hayo kuna mtu unayemjua, Mtakatifu Bonifasi, anayeitwa Mtume wa Wajerumani. Hakuwa Mjerumani. Alikuwa mmonaki Mwingereza wa Wessex, jina lake Wynfrith, na safari yake ya kwanza ya kuhubiri, kwa Wafrisia, watu wa pwani ya Uholanzi ya leo, mwaka 716, haikuzaa kitu. Kila mtoto wa katekisimu ameambiwa habari ya mwaloni: mnamo 723, huko Geismar, Bonifasi aliukata mti mtakatifu wa Donar, mungu wa radi. Watu wakangoja radi impige. Haikumpiga, naye akazitumia mbao kujenga kanisa dogo la Mtakatifu Petro. Habari hiyo husimuliwa kana kwamba alikuwa peke yake na shoka lake. Haisemwi kwamba kilomita chache kutoka hapo palikuwa na ngome ya Wafranki, Büraburg. Bonifasi mwenyewe hakuficha. Alimwandikia askofu Daniel wa Winchester kwamba bila ulinzi wa mtawala wa Wafranki asingeweza kuwaongoza waamini, wala kuwalinda mapadri, wala hata kuzuia ibada za sanamu. Nampenda kwa ukweli huo.

Na kazi yake kubwa haikuwa kukata miti. Alikuta huko Wakristo nusunusu na mapadri wasiojua wanachokisema. Kuna padri mmoja wa Bavaria aliyebatiza kwa Kilatini kilichovunjika vibaya, Bonifasi akataka watu wake wabatizwe upya. Papa Zakaria akamkatalia: padri huyo si mzushi, sarufi tu ndiyo imemshinda, ubatizo umeshika. (Nilipokuwa mtumishi wa altare tulisema Kilatini ambacho Papa huyo angetuhurumia vilevile.) Kwa miaka zaidi ya 30 Bonifasi alipanga majimbo ya maaskofu, akaitisha sinodi, na mwaka 744 mwanafunzi wake Sturm akaanzisha abasia ya Fulda.

Wasaksoni ndio habari yenyewe uliyoiuliza. Hawa hawakuwa na mfalme ambaye angebatizwa na wengine wakamfuata. Kila wilaya ilikuwa na wakuu wake, kwa hiyo ukipatana na hawa, wale hawajapatana nawe. Mwaka 772 Karolo Mkuu aliiteka ngome yao ya Eresburg, siku hizi Obermarsberg, kusini mwa hapo ulipo, akaiangusha Irminsul, nguzo yao takatifu, akachukua dhahabu na fedha aliyoikuta. Vita vikaendelea, kwa kupumzika na kurudi, hadi 804. Wasaksoni walishindwa, wakaapa, wakabatizwa. Karolo alipoondoka kwenda Italia au Hispania, wakachoma makanisa. Kiongozi wao Widukind alikimbilia kwa Wadenmarki, na kila aliporudi moto ukawaka.

Mwaka 782 jeshi la Wafranki lilichinjwa kwenye milima ya Süntel. Karolo akaja mwenyewe, akadai wahusika, na huko Verden kando ya mto Aller wakakatwa vichwa watu 4,500 kwa siku moja. Idadi hiyo wapo wanaoitilia shaka. Lakini angalia imetoka wapi: ni kumbukumbu za ikulu ya Karolo mwenyewe, zilizoandikwa na watu wake bila aibu.

Katika vita hivyo ikatungwa sheria ya nchi ya Wasaksoni. Anayejificha asibatizwe, auawe. Anayekula nyama wakati wa Kwaresima kwa kuidharau dini, auawe, isipokuwa padri akiona alikuwa na dharura. Anayechoma maiti kwa desturi ya kipagani, auawe. Mzazi asiyembatiza mtoto kabla ya mwaka kwisha atoe faini: sarafu 120 kwa mkubwa, 60 kwa mtu huru, 30 kwa asiye huru kamili. Tena kila mtu atoe zaka, sehemu ya kumi ya mali yake na ya kazi yake. Mlango ulikuwa mmoja tu: aliyetenda kosa la siri la kifo, akienda mwenyewe kwa padri na kuungama, ushahidi wa padri ungemwokoa asiuawe. Mwaka 785 Widukind akasalimu amri, akabatizwa huko Attigny, na baba yake wa ubatizo akawa Karolo mwenyewe.

Mwanangu, hapa utasikia watu wakisema, "Zama zile ndivyo zilivyokuwa, tusizihukumu kwa macho ya leo." Sikubaliani nao, na sababu yangu ni Alcuin. Huyu alikuwa shemasi kutoka York, msomi mkubwa kuliko wote katika ikulu ya Karolo, mtu wa ndani kabisa. Mwaka 796, Wafranki walipowashinda Waavari upande wa Danube na kutaka kuwabatiza nao, Alcuin aliandika barua kumwonya mfalme na marafiki zake. Imani, alisema, ni jambo la hiari: mtu huvutwa kwayo, hashurutishwi. Unaweza kumsukuma hadi majini, lakini imani hujampa. Fundisha kwanza, batiza baadaye. Alimwandikia askofu Arn wa Salzburg kwamba wahubiri wawe wahubiri, wasiwe wanyang'anyi, na kwamba watu wanasema zaka ndizo zilizoiangusha imani ya Wasaksoni. Hata sisi tuliozaliwa katika imani, alisema, tunaona taabu kutoa zaka kamili, sembuse hawa wachanga?

Kwa hiyo zama zile walikuwapo waliojua. Mfalme aliambiwa, na mtu aliyemheshimu, kwa maandishi. Mwaka 797 ikatoka sheria mpya, laini kidogo, yenye faini mahali pengi palipokuwa na kifo. Na bado mwaka 804 Karolo akawahamisha Wasaksoni 10,000 wa kingo za Elbe, wake kwa watoto, akawatawanya katika nchi yake. Wakati huo alikwisha kuvikwa taji la kaisari na Papa Leo III, Krismasi ya mwaka 800.

Unauliza kama waliipokea kwa hiari. Hao waliobatizwa 777, wengi wao hapana. Mwaka 841, Karolo alipokwisha kufa na wajukuu zake wakipigania ufalme, watu wa kawaida wa Saksonia waliinuka wakitaka mila zao za zamani zirudi, wakasagwa. Lakini katika miaka hiyo hiyo, karibu 830, mtu asiyejulikana jina alitunga utenzi wa karibu mistari 6,000 juu ya maisha ya Yesu, kwa Kisaksoni, si Kilatini. Humo Yesu ni bwana mkarimu, mitume ni mashujaa wake waliomwapia uaminifu, na wachungaji wa Bethlehemu wamekuwa watunza farasi. Mtu hatungi hivyo kwa kushurutishwa. Huyo alikwisha kuichukua habari na kuifanya ya kwao. Naona utenzi huo ulifanya kazi ambayo Verden isingeweza kuifanya kamwe.

Halafu ikaja zamu ya Wafranki kuvamiwa. Mwaka 845 Wanorse, yaani Waviking wa Skandinavia, waliiteketeza Hamburg, kituo cha mmisionari Ansgar, na wengine wakaingia Paris, mfalme Charles mwenye Upara akawalipa ratili 7,000 za fedha waondoke. Walirudi. Mwisho wao, mwaka 911, kiongozi mmoja, Rollo, akapewa ardhi kando ya mto Seine kwa sharti la kubatizwa.

Na Wasaksoni? Mwaka 936 Otto, Msaksoni ambaye mama yake alikuwa wa ukoo wa Widukind, alivikwa taji huko Aachen, katika kanisa la Karolo. Vizazi vichache tu tangu Verden! Ningependa kukuambia kwamba waliokumbuka machungu hayo waliwahurumia wengine. Hapana. Walivuka Elbe wakawatoza Waslavi ushuru na zaka kwa upanga uleule, mpaka mwaka 983 Waslavi wakaasi na kuyaangamiza makao ya maaskofu ya Havelberg na Brandenburg.

Sasa mwenzako. Mwambie ana haki ya kusema kwamba kwetu dini ilikuja ikifuatana na boma. Wabenediktini wa Bavaria walifika Peramiho mwaka 1898, boma la Wajerumani likiwa limekwisha kusimama Songea. Wakati wa Maji Maji misheni ilichomwa, na tarehe 27 Februari 1906 waliponyongwa wakuu wa Wangoni, wapo waliobatizwa kwanza, wakiwa wafungwa wanaosubiri kamba. Hilo nawe unalijua, umekwenda pale kwenye kaburi lao. Lakini kama mwanzo wa namna hiyo unaiua imani, basi ya kwake ilikufa Verden miaka 1,100 kabla ya yetu. Mimi siamini imekufa kwa yeyote kati yetu. Waliotembea kijiji kwa kijiji huku Ungoni walikuwa makatekista, watu wa hapa hapa, na babu yako aliyafundishwa mafumbo ya rozari na mmoja wao, kwa lugha yake.

Ukipata nafasi nenda Fulda, ni safari fupi kwa treni. Bonifasi amezikwa chini ya kanisa kuu. Aliuawa mwaka 754 huko Dokkum, mzee, amerudi kwa Wafrisia walewale waliomshinda ujanani. Waliomuua walivunja masanduku wakidhani ni hazina, wakakuta vitabu. Kimoja chenye majeraha ya upanga kimehifadhiwa hapo Fulda, na wanasema alijikinga nacho kichwani. Kitazame vizuri, uniandikie kama majeraha hayo yanafanana na ya kujikinga. Mimi nina mashaka yangu.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama umekwisha kununua koti la baridi.

Baba yako