Sikio lina kiherehere, dogo

Jumatatu dogo mmoja hapa gereji alisikia Probox inavuma, hata kona moja hajakata nayo akatangaza: "Beringi, mbele kushoto." Beringi ikanunuliwa, ikapigwa presi, gari likatoka likivuma vilevile. Kumbe tairi limeliwa upande. Wiki iliyopita alibadilisha beringi tatu, basi kila mvumo kwake ni beringi. Sikumcheka. Nilishafanya kubwa kuliko hiyo.

1. Hamisha kwanza tairi za mbele ziende nyuma. Mvumo ukihama nazo, umeokoa hela ya mtu.

2. Mlio unaoujua vizuri ndio utakaokuponza. Mwaka wangu wa pili nilitoka kushusha injini iliyokufa beringi za konrodi, ule mkono wa pistoni. Ile ko-ko-ko ilinikaa kichwani, hata nikilala naisikia. Siku nne baadaye ikaingia Corolla ya teksi: ko-ko-ko. Nikajiona daktari bingwa. Sikuchomoa hata waya mmoja wa plagi, na nilifundishwa kabisa kwamba ukiinyima moto silinda yenye konrodi bovu, kugonga kunapungua. Nikafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Beringi zinang'aa. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikafungua na silinda hedi, kile kichwa cha injini! Fundi mkuu akarudi kutoka kula, akainama, akashika puli ya krenki, ule mhimili mkuu wa injini, kwa vidole viwili. Ikacheza. Boliti tu imelegea. Akanitazama, akaenda kunawa mikono. Afadhali angenitukana. Dereva alikaa siku tatu bila hesabu ya bosi, na gasketi ya hedi nilinunua mimi.

3. Bisibisi ndefu: ncha kwenye bloku, mpini sikioni. Kaa mbali na feni, tafadhali, masikio ni mawili tu.

4. Kamshafti, mhimili unaofungua vali, huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo tapeti (kisukuma vali) moja mbovu hulia taratibu kuliko unavyodhani.

5. Msikilize mwenye gari. Mama mmoja alituambia gari lake "limebadilika sauti". Tulisimama mafundi wanne, hatukusikia kitu, tukamrudisha nyumbani kwa heshima zote. Kesho yake mkanda wa altaneta ukakatika. Sisi tulikuwa na kumbukumbu ya magari mia. Yeye alikuwa na ya gari moja, kila asubuhi.

Yule wa teksi bado huja kwangu. Kabla hata ya salamu huuliza: "Fundi, puli umeishika?"