Wikendi ya hema na muziki ukiwa na bi mkubwa, mi nasema Bagamoyo

Mkuu umeuliza unataka kutoka Dar Jumamosi urudi Jumapili na wife, watoto wawili na bi mkubwa, mlale kwenye hema na mpate muziki wa laivu, naona wadau wengi wanakwambia umwache mama nyumbani atachoka. Mi nakwambia mchukue, ila usiende mbali.

Sisi tulishajaribu Lushoto kwa wikendi moja, kuzuri sana kule lakini Jumamosi yote iliishia barabarani na Jumapili hivyo hivyo, mama miguu ikavimba. Tokea hapo sisi na Bagamoyo, kilomita kama 70 tu. Toka saa kumi na moja alfajiri uzipite Tegeta na Bunju kabla ya foleni, penye kibao cha 50 nenda 50 kweli maana tochi za trafiki za kupima spidi zipo, watoto wakiamka mshafika.

Hema sasa. Mwaka wa kwanza tulifunga karibu na maji maana pale mchanga ulikuwa mlaini, sikuwaza kabisa kwamba ni mwezi mpevu na bahari iko bamvua, yaani maji yanajaa kuliko siku nyingine, saa tisa usiku maji yakaingia mpaka kwenye magodoro, tukambeba mama gizani huku watoto wanalia. Kwa hiyo angalia ule mstari wa majani ya baharini yaliyokauka, hapo ndo maji yalipofika mara ya mwisho, wewe panda juu zaidi ya hapo na usiwe chini ya mnazi wenye nazi. Vigingi kwenye mchanga vinang'oka na upepo, sisi tunajaza mchanga kwenye mifuko ya sandarusi, tunafunga kamba, tunaifukia. Ulizia pia sehemu yenye mlinzi na choo cha karibu, kwa mtu mzima hilo ni la lazima.

Muziki ndo sababu yenyewe. Pale kuna TaSUBa, kile chuo cha sanaa kilichoanza 1981, na wana tamasha lao kila mwaka, ulizia tarehe mapema upange wikendi yako hapo. Marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, alifundisha pale, ndo maana zeze na marimba za Kigogo, zile za kupiga kwa vidole gumba, unazisikia kando ya bahari, mbali huko na Dodoma kwao Wagogo.

Mama yangu ni Mgogo wa Mpwapwa. Tangu mzee afariki anakaa kwetu Kimara na kwa kweli alikuwa ameshakuwa mtu wa kukaa kimya tu, unamuuliza kitu anakujibu neno moja. Usiku tulipompeleka pale TaSUBa zilianza zeze, akawa ametulia tu, halafu wakaingia akina mama na muheme, ile ngoma wanayoibana mapajani, mama akanishika mkono kwa nguvu akasema yule wa pembeni anachelewa, msikilize. Akanipa mkoba wake nishike, akakaza kanga, akaanza kuitikia ule wimbo toka kwenye kiti, maneno yote anayo, mimi mwanae sikuwahi kumsikia akiuimba. Mmoja wa wale kina mama akamwona, walipomaliza akaja kumsalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, wakakaa wanaongea mpaka taa zinazimwa.

Tuliporudi kwenye hema hakutaka kulala. Akachukua ndoo ya maji ikiwa tupu, akambana nayo binti yangu wa miaka tisa magotini, akawa anamshika viganja anamwonyesha, huu mkono unasubiri, huu ndo unaita. Pweza tulionunua feri jioni akaungua jikoni na hakuna aliyejali.

Kwa hiyo kodi hema la kusimama ndani, mama asiingie kwa kutambaa, beba kiti chake cha mgongo na chandarua. Halafu niambie bi mkubwa kwao ni wapi, naweza kukwambia uulizie ngoma gani ukifika pale.