Majina ya Miji ya Njia ya Mombasa

Kila nikishuka Mombasa napita mji wa Sultan Hamud. Sultani wa Unguja alifikaje Ukambani?

Mwenye jina ni Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja kuanzia 1896 hadi 1902. Mwaka huo huo wa 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na masimulizi yanasema alikuja kutazama kazi ilipofikia, stesheni ikapewa jina lake. Mimi hushangazwa na umbali. Milki ya Sultani upande huu wa bara ilikuwa ukanda wa pwani wa maili kumi tu, tena uliokuwa tayari mikononi mwa Waingereza. Mji wenyewe uko zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, kwa Wakamba na Wamaasai wasiowahi kuwa raia wake.

Mackinnon Road ni mji au barabara?

Barabara ilitangulia. William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Uskoti, ndiye aliyeanzisha kampuni ya Imperial British East Africa, na miaka ya 1890 ikachongwa njia ya kutoka Mombasa kuelekea Uganda iliyobeba jina lake. Lakini wasafiri wengi wanaosimama hapo leo hawamjui. Wanasimama msikitini, kwenye kaburi la Sayyid Baghali, mjenzi wa reli kutoka Bara Hindi, ambaye husimuliwa kwamba karai la mawe lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Kwangu mimi, huyo ndiye mwenye mji.

Na Mtito Andei?

Ni Kikamba: msitu wa tai, wale wala mizoga.

Ni kweli Voi ni mtu?

Simulizi inayotajwa zaidi humrejelea Kivoi, mfanyabiashara Mkamba wa pembe za ndovu, ambaye misafara yake ilipiga kambi kando ya Mto Voi. Huyu ni mtu wa historia kabisa: mwaka 1849 alimkaribisha mmishonari Krapf kwake Kitui, na mwaka 1851 akauawa na majambazi akiwa safarini pamoja na Krapf.

Tuyafute basi majina ya wageni?

Palipokuwa na jina la wenyeji, lirudishwe, kama Thomson's Falls ilivyogeuka kuwa Nyahururu na Fort Hall ikawa Murang'a. Kwingine tuanze kwa kuuliza. Ukiwa mkazi wa Sultan Hamud, waulize wazee wa Kikamba na wa Kimaasai pale paliitwaje kabla ya stesheni, uyaandike majina yote mawili.